Ukiugua Ng'ambo ya Ruvuma, Nani Atakusemea?

Mtu akizidiwa usiku hapa Songea, yeye mwenyewe huwa hana haja ya kusema mengi. Mkewe atampigia shemeji aliyeko Mfaranyaki, jirani atatoka kusaka bajaji, shangazi atakumbuka kwamba mgonjwa aliwahi kuanguka vivyo hivyo siku ya msiba wa babu, na hakosi binamu anayemfahamu muuguzi wa zamu pale hospitali ya rufaa ya mkoa, HOMSO kama tulivyozoea kuiita. Wakifika mapokezi, watu watano wanamjibia daktari kwa mpigo, na wawili kati yao wanabishana. Wauguzi huchoshwa na msongamano huo, na wana haki. Lakini ndani ya kelele ile daktari anapata historia ya ugonjwa, anapata wa kumtuma duka la dawa, anapata wa kutoa damu na anapata wa kulipa.

Sasa mchukue mtu huyohuyo umvushe Mkenda. Ni zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mji, kisha mto, kisha mhuri wa Uhamiaji, na tayari hana shemeji wala binamu. Muuguzi anayemwinamia kitandani anamuuliza kwa Kireno anaumwa wapi.

Ruvuma ni mkoa wa watu wa kuvuka. Kusini ni Msumbiji, na vijana wetu wamekuwa wakienda kwenye dhahabu ya Lupilichi mkoani Niassa, na wengine mbali zaidi kwenye madini ya rubi ya Montepuez, Cabo Delgado. Magharibi ni Ziwa Nyasa, na anayesimama Mbamba Bay anajua kwamba upande wa pili ni Nkhata Bay ya Malawi. Wapo wanaokwenda Muscat, Dubai na Riyadh kufanya kazi za ndani, wapo mahujaji wa Tunduru na Songea, wapo watawa na vijana wanaopita njia ya Peramiho kwenda kwa Wabenediktini wa Ujerumani, au njia ya Mbinga, ambayo jimbo lake Katoliki lina udugu wa miaka mingi na Jimbo la Würzburg. Kila mmoja wao huaga kwa maombi, nauli na begi. Wachache mno huaga wakiwa wamejibu swali hili: nikianguka huko na nisiweze kuzungumza, nani atanisemea? Kwa maoni yangu, anayeugua ugenini hupungukiwa msemaji kabla hajapungukiwa dawa.

Kisa kimoja cha zamani tulichoandikiwa kuhusu jambo hili kilitokea katika ukanda wetu huu. Wageni waliougua walikuwa Wazungu, na ugenini ulikuwa huku kwetu. Januari 1862, Askofu Charles Mackenzie, aliyekuja kuanzisha misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu, UMCA, alikuwa akisafiri kwa mtumbwi katika mito ya kusini mwa Ziwa Nyasa. Mtumbwi ukapinduka, na dawa zote zikazama, kwinini ikiwemo. Homa ikampata pale ambapo mto Ruo unaingia Shire, na tarehe 31 Januari akafariki. Dawa ya ugonjwa wake ilikuwa inajulikana na walikuwa wamesafiri nayo. Kilichomuua ni kwamba yote ilikuwa katika mtumbwi mmoja.

Miaka minne baadaye David Livingstone alitua Mikindani, akafuata bonde la mto Ruvuma kuelekea bara, akapita kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na kufika Ziwa Nyasa Agosti 1866. Yeye alikuwa daktari, na alikwishaandaa vidonge vyake mwenyewe vyenye kwinini. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Daktari akabaki bila dawa, na tangu siku ile afya yake haikurudi ilivyokuwa.

Mapema mwaka 1869 alishikwa na homa ya mapafu, akawa hawezi kutembea. Aliyemwokoa ni mfanyabiashara wa misafara, Muhammad bin Gharib, mmoja wa wale Waarabu na Waswahili ambao biashara yao ya watumwa Livingstone aliichukia na kuiandikia Ulaya. Bin Gharib alimpa dawa alizokuwa nazo, akamlaza kwenye machela, akaamuru abebwe mpaka Ziwa Tanganyika, na Machi mwaka huo wakamfikisha Ujiji. Wasomi wanaweza kubishana juu ya nia ya mfanyabiashara yule. Mimi naona jambo jepesi zaidi: Livingstone alipona kwa sababu alikuwa ndani ya msafara wa mtu anayejua njia, anayejua lugha, na mwenye amri ya kusema "mbebeni" watu wakabeba.

Mwisho wa kisa hicho unawahusu watu wa ukanda wetu moja kwa moja. Livingstone alipofariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, walioamua mwili wake ufanywe nini ni watumishi wake, Susi na Chuma. Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 na kundi la Livingstone na Mackenzie huyohuyo. Waliuzika moyo palepale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London. Leo familia zetu zikipitisha bakuli ili mwili wa ndugu urudishwe kutoka Uarabuni, zinafanya kazi ambayo Chuma aliifanya kwa miguu.

Mto Ruvuma nao umewahi kuvukwa na wagonjwa kwa mkondo wa kinyume. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walikimbilia kwetu kwa maelfu, na katika mkoa huu waliwekewa makazi ya wakimbizi kama Muhukuru, Lundo na Mputa. Wapiganaji waliojeruhiwa walitibiwa Mtwara, katika hospitali ya FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi huo, iliyopewa jina la Dakta Américo Boavida. Samora Machel, kiongozi wao, kabla ya kushika bunduki alikuwa muuguzi. Hata hivyo mkewe Josina, aliyekuwa akiugua huku akiendelea kutembea katika maeneo ya vita, alifariki hospitalini Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Kila Aprili 7 wanawake wa Msumbiji huadhimisha siku yao. Alikufa ugenini, lakini hakufa bila wenyewe: alikuwa na chama, alikuwa na watu waliojua jina lake, ugonjwa wake na pa kumpeleka.

Turudi kwa kijana wetu wa Lupilichi. Huyu hana chama.

Tuanze na lugha, maana hapo watu wa Ruvuma wana hazina wasiyoihesabu. Myao wa Tunduru akiugua Niassa, au akiugua Mangochi kule Malawi, yumo katika nchi ya Kiyao. Huenda daktari asiijue lugha hiyo, lakini mfagiaji wa wodi, mama anayemuuguza mwanawe kitanda cha pili na mlinzi wa getini wanaijua. Mnyasa wa Liuli akifikishwa Likoma au Nkhata Bay ataeleza maumivu yake kwa Kinyanja na ataeleweka. Mngoni wa Songea asijidanganye kwa udugu wa jina: Wangoni wa Mzimba, kaskazini mwa Malawi, siku hizi huzungumza Kitumbuka. Ninachomshauri mtu anayelazwa upande ule ni kutosubiri mkalimani wa serikali. Aulize wodi nzima kwa sauti, kwa lugha ya mama yake, kama kuna anayemsikia. Kwa kawaida yupo.

Lakini sauti inataka mtu mwenye fahamu. Aliyepoteza fahamu anasemewa na karatasi, na karatasi hiyo watu wengi hawana. Si lazima iwe cheti cha hospitali chenye mihuri. Nusu ukurasa inatosha: majina kama yalivyo kwenye hati ya kusafiria, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa wa kudumu kama upo (kisukari, presha, kifafa, pumu, selimundu), dawa anazotumia na kiasi, dawa inayomdhuru, na namba mbili za simu za nyumbani. Namba ziandikwe kuanzia +255. Nasisitiza hili kwa sababu ni dogo na linaua: namba inayoanza na 07 ukiipiga kutoka Lichinga, Niassa, au Nkhata Bay kwa laini ya kule haiendi kwa mama yako Bombambili.

Dawa nazo ziandikwe kwa jina la kitabibu, lile dogo lililo chini ya jina kubwa kwenye boksi. Sisi dukani tunaomba Panadol, Flagyl na Septrini. Majina ya biashara hubadilika kila unapovuka mpaka, lakini metronidazole ni metronidazole Songea, na mfamasia wa Kireno ataisoma vilevile. Tofauti zipo hata hivyo, kwa mfano paracetamol kule Marekani huitwa acetaminophen. Na ule unga wa mizizi aliokufungia bibi kwenye karatasi ya daftari, kwa heshima zote, uache nyumbani. Afisa forodha wa Dubai hajui kama ni dawa ya tumbo, na wewe huna la kumwonyesha.

Uarabuni jambo hilo si la mzaha. Dawa za maumivu kama tramadol na zenye kodeini, ambazo huku mtu huzipata bila jasho kubwa, huko zinadhibitiwa vikali, na katika Umoja wa Falme za Kiarabu zinahitaji kibali kabla ya kuingia nazo. Misri iliwahi kumhukumu mtalii wa Kiingereza kifungo cha miaka mitatu mwishoni mwa 2017 kwa kubeba vidonge 290 vya tramadol, ambavyo yeye alisema alimpelekea mwenziwe mgonjwa. Anayezihitaji kweli abebe barua ya daktari na vidonge vikiwa katika boksi lake. Dawa zenyewe zigawanywe, nusu kwenye begi la mkononi na nusu kwenye lile kubwa. Insulini ikae mkononi daima, kwa kuwa chini ya ndege yaweza kuganda na kuharibika. Askofu Mackenzie hakuwa na wa kumwambia hivyo.

Sasa malaria. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo dharura inayompata mtu wa Songea akiwa mbali, na ndiyo inayowapata wa mbali wakija Songea, na pande zote mbili hukosea kwa sababu ya mazoea.

Upande wa kwanza ni huu. Vimelea vya malaria kali huchukua kwa kawaida kati ya siku 7 na 30 tangu mbu akuume hadi homa ipande. Kwa hiyo unaweza kuumwa na mbu Namtumbo wiki ya kuaga, ukapanda basi stendi ya Shule ya Tanga, ukapanda ndege Dar es Salaam, ukafika Frankfurt ukiwa mzima wa afya, na homa ikakukuta wiki ya pili kwenye baridi. Daktari wa huko anaona mafua. Anakupa paracetamol na kukuambia unywe maji ulale. Wewe nawe, kwa adabu zetu za kumheshimu daktari, unalala. Malaria ya aina hii yaweza kumfikisha mtu kwenye hali mahututi ndani ya siku moja au mbili. Sentensi inayookoa ni fupi na inafaa ijulikane kwa lugha ya nchi unayokwenda kabla hata ya salamu: natoka Tanzania, nipimeni malaria. Iseme mapokezi, irudie kwa muuguzi, irudie kwa daktari. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka nchi yenye malaria ichunguzwe kama malaria mpaka ithibitike siyo. Usione haya kubishana.

Upande wa pili ni wa wale wanaorudi. Mtu aliyekulia Mbinga hujenga kinga fulani ya malaria kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni. Kinga hiyo haidumu. Akikaa miaka kadhaa Leicester au Minneapolis inayeyuka bila yeye kujua, na watoto wake waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo. Kisha Desemba anarudi na familia kula Krismasi kijijini, mvua zetu za Novemba hadi Aprili zikiwa zimeanza na mbu wakiwa kazini. Anamwambia mkewe asisumbuke na vidonge vya kinga kwa sababu "mimi ni wa huku". Nchini Uingereza, sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria wanaotoka safarini ni watu wa namna hiyo, waliokwenda kusalimia nyumbani, na si watalii. Mtalii huogopa, akameza dawa. Mwenyeji wa zamani hujiamini. Vidonge vipo, doxycycline au mchanganyiko wa atovaquone na proguanil, na daktari wa huko aliko atamwandikia. Chandarua kipo hukuhuku. Babu asichukizwe mjukuu akikataa kulala bila chandarua, amsifu.

Kuhusu fedha nitasema waziwazi: kadi ya NHIF haivuki mpaka. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya unalipa katika vituo ulivyovisajili hapa nchini, na aliyekatwa mshahara miaka 20 atafika Lilongwe akiwa sawa na asiyekatwa. Bahati nzuri majirani zetu hawa wawili si wakali. Hospitali za serikali za Malawi hutibu bure, na za Msumbiji hutoza ada ndogo sana. Wanachokosa mara nyingi ni kile tunachokosa nasi: dawa yenyewe kabatini, damu, gari. Kwa hiyo fedha ya dharura inatakiwa iwepo, tena iwepo kwa namna inayotumika. M-Pesa ipo Tanzania na ipo Msumbiji, lakini usidhani salio lako litatoka kwa wakala wa Lichinga kama linavyotoka Majengo. Malawi watu hutumia Airtel Money na Mpamba. Meticais au kwacha kidogo zilizofichwa, ambazo hazijaguswa kwa soda wala vocha, zina thamani kuliko milioni iliyoko kwenye laini isiyoshika mtandao.

Mbali zaidi mambo hubadilika. Ukiomba viza ya nchi za Schengen, ikiwemo Ujerumani, unatakiwa uwe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Watu wengi huinunua ili viza itoke, kisha huiacha mezani. Namba ya simu ya bima ile ndiyo mali uliyonunua, iandike kwenye ile nusu ukurasa. Uingereza idara ya dharura haikutozi, lakini ukishalazwa wodini na wewe ni mgeni usiyestahili, bili huhesabiwa kwa asilimia 150 ya gharama yao ya kawaida. Anayekwenda kwa viza ya zaidi ya miezi sita hulipia huduma ya afya mapema, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024. Marekani sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea fedha za bima ya serikali zimpime na kumtuliza kila anayeletwa, awe na fedha au hana. Bili huja baadaye, nayo si ndogo, lakini mlango haufungwi. Ni muhimu kulijua hilo, kwa sababu wako wenzetu waliokaa na maumivu ya kifua chumbani wakihesabu dola.

Dada zetu wa Uarabuni nawawekea aya yao. Katika Falme za Kiarabu, tangu 1 Januari 2025 mwajiri anapaswa kumkatia mfanyakazi bima ya afya katika emirati zote, wa ndani akiwemo. Kwa hiyo dada anayefika Dubai au Sharjah aulize kadi yake wiki ya kwanza, akiwa mzima, kwa upole: "Mama, kadi yangu ya hospitali iko wapi?" Swali hilo likiulizwa usiku wa homa huwa limechelewa. Picha ya pasipoti, ya viza na ya kadi hiyo azitume nyumbani kwa mtu mmoja mwenye simu inayopokelewa, maana pasipoti yenyewe mara nyingi huwa kwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Gari la wagonjwa huko Falme za Kiarabu ni 998, Saudi Arabia ni 997, Oman ni 9999. Namba hizi hazihitaji ruhusa ya bosi.

Ukosefu wa karatasi huua kweli. Katika hija ya Juni 2024, joto la Makka lilipopita nyuzi 50, Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa watu walioingia bila kibali cha hija. Jua lilikuwa lilelile kwa wote. Tofauti ni kwamba mwenye kibali alikuwa na hema lenye kiyoyozi, basi la kumbeba, na orodha yenye jina lake ambayo mtu angeipitia jioni akaona hayupo. Asiye na kibali alitembea mwendo mrefu juani na hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Hapo namrudia yule kijana wa machimbo. Mwaka 2017 Watanzania wengi walitimuliwa Montepuez katika msako wa wageni wasio na vibali, na kumbukumbu ya msako ule bado inawafanya watu waogope sare yoyote, hata koti jeupe. Mtu anavunjika mguu shimoni, anafichwa kwenye kibanda, anafungwa vijiti, na kidonda kinaoza kwa siku kadhaa kwa hofu ya kuulizwa pasipoti. Hati ya dharura ya kusafiria hutolewa na Uhamiaji hapa mkoani kwa gharama ndogo kuliko begi la safari. Watanzania hawahitaji kuomba viza ya matembezi mafupi kwenda Msumbiji wala Malawi. Sioni sababu ya mtu kuvuka kwa mtumbwi wa usiku ilhali mlango wa mchana uko wazi, isipokuwa mazoea, na haya ni mazoea mabaya. Ama Cabo Delgado, tangu mashambulizi ya wenye silaha yaanze Oktoba 2017 vituo vingi vya afya vimeharibiwa. Anayekwenda huko aulize kwanza ni hospitali ipi inayofanya kazi, ndipo aulize bei ya rubi.

Ubalozi je? Watu huutaja kana kwamba ni kaka mkubwa mwenye pochi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaupa ubalozi kazi ya kuwasaidia raia wake: kutafuta ndugu, kutoa hati iliyopotea, kuzungumza na mamlaka, kuratibu mwili urudi. Kulipa bili ya hospitali si kawaida ya balozi nyingi duniani. Tunao ubalozi Maputo na Lilongwe, na ni vyema kuwa na namba zao, lakini tuelewe jiografia: kutoka Lichinga hadi Maputo ni mbali kuliko kutoka Songea hadi Dar es Salaam, na wewe unajua basi la Dar linavyochosha. Ubalozi ni wa kesho. Wa leo ni mtu aliye pembeni yako.

Huyo aliye pembeni naye awe anajua mambo machache. Damu inayotoka hugandamizwa kwa kitambaa safi na haiachiliwi kila dakika ili kuangalia. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi wala hanyonywi jeraha, hutulizwa, kiungo hakitikiswi, anapelekwa. Mdomo ukipinda na mkono ukalegea ghafla, saa iangaliwe na iandikwe, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na daktari atauliza ilianza lini kabla hajauliza jina. Anayeharisha kwa kipindupindu hufa kwa kukauka, na pakiti ya ORS ya bei ya pipi ndiyo inayomzuia. Mlipuko wa Malawi wa mwaka 2022 na 2023 uliua watu zaidi ya 1,700, katika nchi tunayoiona ng'ambo ya ziwa.

Na sisi wenyeji tuna deni kwa wageni wanaougulia kwetu. Zanzibar imelipa lake kwa njia yake: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi hulipia bima ya lazima, dola 44, kabla ya kuingia. Songea mgeni atakutana na HOMSO, au atapelekwa kilomita kama 24 hadi Hospitali ya Mtakatifu Yosefu Peramiho, na akizidiwa zaidi kuna ndege za Flying Doctors, huduma iliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1957. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga iko 115 ya m-mama, simu ya bure, ambayo gari la wagonjwa likikosekana humwita dereva wa kijijini aliyekwishasajiliwa na kumlipa. Natamani siku moja mpango wa aina hiyo uvuke mto, mama wa Mkenda na mama wa ng'ambo wachukuliwe na gari moja lililo karibu. Wagonjwa walishavuka huku na kule tangu miaka ya sitini, ni magari tu yanayogeuzwa mpakani.

Ombi langu kwa ofisi za mkoa, Uhamiaji na waganga wakuu wa wilaya zetu za mpakani halihitaji bajeti kubwa. Pale Mkenda, pale bandarini Mbamba Bay na pale stendi ya Shule ya Tanga libandikwe bango moja linalosomeka kwa mbali, lenye namba za dharura za nchi jirani, za balozi zetu Maputo na Lilongwe, na za hospitali iliyo karibu na kila kivuko. Mezani kwa afisa ziwekwe fomu za ile nusu ukurasa, kwa Kiswahili, Kireno na Kiingereza, mtu aijaze akisubiri mhuri.

Msomaji unayesafiri wiki hii usingoje bango. Chukua kalamu. Gari la wagonjwa Msumbiji ni 117, Malawi ni 998, na simu ya nyumbani inaanza na +255.